Mtunza Viatu wa Deoghar

Miguu yote hupita kwangu kabla ya kufika kwa Mungu.
Ndivyo ninavyomwambia Fulmati, binti wa dada yangu,
anaponuna kwa harufu ya soksi.
Vua, pokea kibati, ingia.
Leo ni usiku wa Shiva,
Deoghar nzima hakuna pa kutia mguu.

Jioni ilipita harusi yake:
bwana harusi kapakwa majivu, nyoka wa mpira shingoni,
nyuma vijana wa sokoni wamejifanya mizimu.
Mmoja, uso ndani ya kibuyu, nilimjua kwa mwendo:
Bhuneshwar muuza betri.
Akaacha kucheza, akainama masikioni mwangu:
"Budhni, zile rupia arobaini?"

Zamu ya kwanza wanamwogesha kwa maziwa,
ya pili mtindi, ya tatu samli,
ya nne asali.
Mimi nasikia kengele tu,
na maji yakishuka mferejini, meupe,
hadi chini ya turubai langu,
yamebeba majani ya bilva, matatu matatu,
yanaganda kwenye kandambili za watu.
Nayabandua kwa ukucha.

Mama alinisimulia habari za mwindaji
aliyekwea mbilva akimkimbia simbamarara;
usiku kucha akachuma majani, akadondosha,
asipitiwe na usingizi,
hajui chini ya mti kuna jiwe,
na jiwe ni Yeye.
Alfajiri akaambiwa: umefunga, umekesha, umesamehewa.

Fulmati akauliza,
"Na simbamarara je? Naye si alikesha?
Naye si alilala njaa?"

Nikamwambia apange viatu.

Sisi hatujafunga. Tumekosa nafasi ya kula, basi.

Kumepambazuka. Imebaki jozi moja,
vyekundu, vya mtoto, kamba imekatika,
namba mia tatu na tisa.
Bila shaka kabebwa begani amelala,
watashtuka wakifika stesheni.

"Mama mkubwa, humo ndani kukoje?"
Miaka kumi na tisa, mwanangu, sijaingia.
Nani angenitunzia vyangu?

Akanitazama kama ninavyotazamwa na wateja wabishi.
Akachukua chaki,
akageuza ndara zangu, akaandika: 1.
Akanyosha mkono na kibati.
"Vua," akasema.

Jiwe la ngazi lilikuwa baridi,
lina utelezi wa maziwa.
Nikashika ukuta.