Mkono Mfupi

Daftari lilifungwa kwa kitambaa
cha rangi ya mchele uliolowa.
Ami Shee alilifungua juu ya meza ya kulia,
Kibokoni, ghorofa ya pili, feni ikisuasua,
akasema: "Wewe ndiwe mhasibu wa ukoo. Soma."

Miaka kumi na tisa nimesoma vitabu vya bandari, Kilindini.
Naijua tarakimu iliyofutwa ikaandikwa tena.
Kazi yangu ni kutafuta kisichokuwepo.

Khati ya Kiarabu, maneno ya kwetu:
*Merikani, majora matano. Pembe mbili.*
*Mtama, pishi arubaini, kwa mikono minane.*
*Kijana wa kike, Mnyasa, kwa mikono thelathini na miwili.*

Nikarudi nyuma, kidole juu ya mstari.
Mikono.
Hivyo ndivyo nguo ilivyopimwa, kiwiko hadi ncha ya kidole,
na mwenye duka mjanja
alimwachia kupima kijana wa mkono mfupi.

Nikaanza kuhesabu mikono mingine.
Iliyochuma pamba Kusini ya Marekani,
kucha zimechanika kwa vitumba vikavu,
ikachuma jana, ikachuma leo, na kesho ikauzwa.
Iliyosuka Kaskazini, wasichana wakikohoa vumbi jeupe,
wakilipwa kidogo,
lakini wakilipwa, na jioni wakirudi kwao.
Uzi ulikuwa mmoja. Haukuuliza mpaka uko wapi.

Kaskazini wakasema: utumwa ni dhambi.
Kinu kikaendelea kuzunguka.
Kusini wakasema: pamba ni mali yetu,
na wachumaji ni mali yetu,
na ushuru wenu unatukamua.
Wakavutana, nani ale mnofu, nani ang'ate mfupa,
nchi ikachanika kama shuka,
na aliyekuwa akiichuma pamba
akasikia mizinga kabla hajaambiwa ni ya nini.

Huku, ukurasa wa thelathini na moja:
*Mwaka huu merikani haikuja.*
*Wasema wapigana wenyewe kwa wenyewe.*
*Gamti ya Bombay ni nyepesi. Jora limepanda bei mara mbili.*
Basi. Hakuuliza wanapigania nini.
Pembezoni tu, kwa wino uliochoka:
*vita vya panzi, furaha ya kunguru.*
Alikuwa na majora kumi na sita ghalani.

Ami akacheka, kicheko kikamfia mdomoni.
"Hao walikuwa na vita. Sisi hatukupigana."

Hatukupigana, Ami.
Ila mamangu alipoolewa humu
shangazi zako walikula pilau sebuleni,
watu wa Kisauni wakatandikiwa uani,
na sahani zikahesabiwa kabla na baada.
Daraja la Nyali lina urefu huo.
Upande huu mwasema: walikula tulichokula.
Upande ule wasema habari za Rahabu,
bibi wa bibi yangu, aliyelelewa misheni,
ambaye hakuvaa nguo nyeupe isiyotiwa rangi hata siku moja,
na alipokuwa akikata roho akaagiza:
"Nizikeni na kaniki.
Msinirudishie bei yangu."

Kama ndiye yule Mnyasa, sijui.
Daftari halikumpa jina.
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Huyu alikuwamo daftarini.

Na utumwa ulipofutwa, karani alikuja na rupia
kuwafidia waliopata hasara:
yaani wenye kumiliki.
Risiti Ami anayo, kwenye fremu, karibu na kalenda ya benki.

Nikakikunjua kitambaa, nikakipima:
kiwiko, ncha. Kiwiko, ncha.
Mikono mitano na kitu.
Kwa mkono wa Ami ingekuwa minne na ushei.
Wangu ni mfupi, nimeurithi Kisauni.

"Je, hesabu imelingana?" akauliza.
Chini feri ya Likoni haikusikika, wala chochote,
isipokuwa feni.
Nikamwomba kalamu.