Shangazi Masika na Zimwi

Umeme ulikatika Katindo, tukawasha mshumaa.
"Kizibo hiki cha soda ndicho wewe," nikamwambia,
"jiwe hili la volkano ndilo mlima.
Sema unachotaka kufanya, kisha urushe dadu."

Shangazi akapangusa nyuzi mapajani.
"Na nani hushinda?"
Hakuna, shangazi.
"Basi mnakesha mkitafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamletea zimwi:
meno kama misumeno, limeziba daraja.
Wenzangu wote, mara ya kwanza, huchomoa upanga.
Yeye akavaa miwani.
"Namwamkia. Namuuliza kwao ni wapi,
na nguo ile nani alimshonea, mbona bega limepinda?"

Nikapekua daftari la kanuni.
Hakuna ukurasa wa bega.
"Rusha, basi."
Dadu ikagonga sahani, ikazunguka,
ikasimama kwenye mbili.

Mbili ni kifo. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.
Nikamtazama shangazi, nikalitazama zimwi;
ndiyo kwanza nikaona kwamba limevaa nguo.
"Limekula kiatu chako," nikasema. "Cha kushoto."

"Zimwi likujualo," akacheka,
akakisukuma kizibo ng'ambo ya daraja,
taratibu,
kikichechemea.