Bei ya Nakala

Aliingia mwezi wa Februari, theluji ikimdondoka mabegani,
bunduki ameizinga kwa blanketi la kitandani
kama mtoto mwenye homa.
Bibi Aune Kivimäki, mjane wa Reino,
yule aliyechimba chuma miaka thelathini na mmoja
chini ya mji huu wetu wa Ely.
"Nipe bei," akasema. Hakuvua glavu.

Mimi huanza na pua kabla ya macho.
Mafuta ya kitani kwenye mti, mazuri.
Mkojo wa panya, kidogo.
Harufu ya ghala la jeshi, hamna:
yale mafuta mazito yanayoganda penye skrubu
na hayatoki hata kwa petroli.
Nikatoa magazini, nikavuta komeo, nikachungulia chemba. Tupu.
Nikamulika mtutu: mifuo bado mikali.

Kisha nikaigeuza tumbo juu, hapo ndipo zinaposema kweli.
Chuma cha vita hufuliwa, hupigwa kikiwa chekundu,
kisha huchongwa mbiombio
maana kuna watu mahali wanakingoja.
Hiki kilisubiwa. Mshono wa kalibu
ulipita ubavuni, mwembamba, kama mshono wa suruali.
Mhuri wa mkaguzi haukuwepo, namba fupi mno,
na jina la kiwanda ni la watu
waliofilisika kabla sijaota ndevu.
Mti peke yake ndio uliokuwa askari,
umeokotwa kwenye mabaki, umevishwa mwili mgeni:
mizinga miwili iliyopishana, imefifia, karibu na kitako.

Mji mzima unaijua bunduki hii.
Reino aliibeba kila gwaride la Mei.
Alisema alitoka nayo Korea,
ameifumua vipande vipande ndani ya soksi.
Nami nilikuwa mtoto kando ya barabara
na aiskrimu mkono wa kushoto,
nikaipigia saluti.

Sasa hesabu. Ya kweli ingefika elfu moja na mia tatu.
Hii, mia sita na hamsini,
maana siku hizi hata nakala zina wapenzi wao.
Toa kumi na tano kwa ufa wa kitako.
Toa ishirini na tano, mti umelika rangi upande mmoja.
Toa hadithi.
Hadithi haina safu katika daftari langu.
Wanasema kizuri chajiuza. Hiki kilikuwa kizuri,
ila miaka yote kilijiuza kwa jina la kingine.

Nikatafuta pa kuanzia. "Bibi, marehemu..."

"Nakala," akasema. "Nilikuwepo.
Ilikuja kwa posta, sitini na sita, katika sanduku refu.
Dola sabini na tisa. Za mikate yangu,
nilizificha kwenye kopo la unga wa shayiri.
Reino vitani alikuwa mpishi, na hakuvuka bahari.
Alimenya viazi huko Georgia.
Akarudi mzima, ikamuuma."

Buti zake zilikuwa zimefanya dimbwi sakafuni.
"Arvid na Dale hawasemezani tangu mazishi.
Kila mmoja anataka bunduki ya vita ya baba.
Niandikie karatasi yenye muhuri. Weka bei ya chini,
na hilo neno, liandike kwa herufi kubwa."

Bei ya chini siandiki. Wala ya juu.
Nikaandika: NAKALA YA KIRAIA. Imetunzwa. Mia sita na kumi.

Akasoma polepole, midomo ikienda.
Kisha akavua glavu, moja tu,
akapitisha kidole pale mti ulipolika,
shavu la Reino lilipoegemea kila Novemba
akingoja kulungu.
"Na hapa? Hapa umepaweka ngapi?"

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kutafuta kalamu.
"Hapo nimetoa ishirini na tano."

Akaitika kwa kichwa,
kama mtu aliyekwisha kupunjwa na mizani ile ile
na bado hununua duka lile lile.
Akalipa kumi zangu za ukaguzi, sarafu tupu,
akaanza kuizinga tena kwenye blanketi,
akianzia hapo.