Kadi ya Vendel

Seva ilizimika Jumanne, saa tisa alasiri,
siku kumi na tisa baada ya mazishi.
Zsombor akatuandikia kutoka kazini,
simu kaificha chini ya meza:
Nani amegusa nini?
Hakuna aliyegusa kitu.
Benki ndiyo iliyogusa. Ilifunga kadi ya marehemu.

Ndipo tukajua
kwamba miaka kumi na mmoja
pango la nyumba yetu isiyo na mlango
lilitoka mfukoni mwa fundi wa lifti wa Szeged,
mtu aliyebeba supu kazini
ndani ya chupa ya achari.

Programu yetu ni ndogo. Inahesabu siku.
Ipe tarehe mbili, itakwambia zilizo kati yake,
haisahau mwaka mrefu wala sikukuu zinazohamahama.
Inakotumika tunakujua kwa malalamiko tu:
hospitali hupangia chanjo,
benki hupigia riba,
bandari moja ya kaskazini hutozea makontena yaliyochelewa.
Bure, tuliandika kwenye leseni,
nao wakalisoma neno hilo moja
wakafunga ukurasa.

Piroska, mjane wake, alitupokea jikoni.
Akatandaza taarifa za benki juu ya kitambaa cha plastiki,
kila mwezi, tarehe tatu, mstari wa kalamu ya kijani.
"Nilidhani ana mwanamke Frankfurt," alisema.
"Kiasi kile kile, miaka yote. Nikanyamaza."
Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza,
kisha hakuwa anacheka tena.

Nikafungua akaunti yangu kwa michango.
Ikaingia, kidogo kidogo, kutoka kwa watu
ambao nao hawana.
Mwezi wa nne ikafuata barua ya kodi:
Mapato haya ni ya nani?
Ya mradi, nikajibu.
Mradi ni nani?

Nililala na swali hilo.
Mradi hauna kitambulisho. Hauna sahihi,
hauna kiganja cha kupokelea.
Sisi ni watu saba wa usiku
wenye kazi nyingine mchana.

Kuna shirika Leuven ambalo kazi yake ni hiyo:
kuwa mwili wa wasio na mwili.
Linakuazima jina, muhuri, akaunti,
na mhasibu aitwaye Godelieve
anayeuliza risiti hata ya stempu.
Nalo hukata moja katika kila kumi.

"Moja katika kumi!" Zsombor akafoka. "Kwa kushika tu?"
Nikamwambia: Vendel alishika bila kukata.
Akatazama dirishani, kule Tisza iliko,
ingawa kutoka pale haionekani.

Ukurasa wa sita wa mkataba uliuliza
nani atashika funguo msimamizi akifa.
Mistari mitatu mitupu.
Tulipitishiana kalamu kama kitu cha moto.

Tulitaka kumrudishia Piroska fedha zote.
Godelieve akasema kwa upole, kwa barua ndefu:
gharama za kabla ya mkataba hazilipiki.
Nikaenda kumweleza, aibu imenijaa kooni.
"Sikuomba," alisema, akikata mkate.
"Niambie tu zilikuwa siku ngapi."

Nikaingiza malipo ya kwanza na ya mwisho:
tarehe tatu Machi, na tarehe tatu Machi.
Elfu nne na kumi na saba,
miaka mirefu miwili ikiwemo.
Akaandika chini ya karatasi, kwa kijani,
akaikunja, akaitia kwenye droo ya vijiko.

Leo mfuko una euro mia mbili na sita, baada ya makato.
Malalamiko mapya, kumi na manne.
La juu limetoka benki, sijui kama ni ile:
Pasaka ya mwakani tumeikosea kwa siku moja.
Wanataka irekebishwe leo.
Nimeshawasha kompyuta. Chai haijachemka.