Kichomi

Usiku wa nne huu nahesabu.
Vidole viwili shingoni, macho kwenye saa:
tisini na sita. Mia na mbili.
Umeme ukikatika, nahesabu kwa kukisia.

Mnazi Mmoja wamenibandika nyaya kumi,
wakanitolea karatasi yenye vilima vidogo vidogo.
"Moyo mzima, Mcha. Nenda kalale."
Nimeikunja, nimeilalia kama hirizi.
Saa nane naikunjua:
kilima cha saba mbona kimeinama?

Bi Mize kasema upepo.
Kanisugua mafuta ya karafuu, kanikataza kahawa.
Kahawa nimeacha. Mpira nimeacha.
Ngazi za Michenzani nazipanda kwa vituo,
kila ghorofa najifanya nasoma simu
wapite wazee wenye ndoo.

Nina miaka ishirini na mitatu.

Khatib alikuwa nayo hiyo hiyo.
Alianguka uwanjani Mao, kipindi cha pili,
hakuguswa na mtu.
Jeneza lake nililishika mbele, bega la kushoto.
Watu wakipokezana, mie sikukubali kupokewa
mpaka Mwanakwerekwe.
Sikulia. Nilitafuta viatu vyangu, nikarudi dukani,
nikabadilisha vioo vya simu tatu.

Leo alfajiri daktari wa zamu kaniuliza:
"Inauma wapi hasa? Kidole kimoja tu."
Nikanyoosha.
Hakikwenda moyoni.
Kilipanda juu, karibu na bega,
pale mbao ilipokaa.

Akaandika Panadol, vidonge kumi.