Bawaba za Bomba

Dukani, mtaa wa Rwagasore, zimelazwa chini ya kioo
kama mikufu ya bibi harusi:
bawaba nne nyeusi, za kung'olea mlango na kuurudisha.
"Laki nne na themanini, mama. Ufundi mbali."
Nikamshukuru kijana, nikafunga pochi
ambayo hata sikuwa nimeifungua.

Landrova ya marehemu Lugembe haijazoea vioo.
Bawaba zake za kiwandani zilishikana kwa kutu
tangu ilale Ukerewe siku tatu ikinyeshewa.
Nyuma pamechomelewa bati baada ya ajali ya Kisesa,
kwa hiyo samaki hupitia ubavuni,
na mlango hata ukiuacha wazi, haukupishi:
tenga lazima ulisimamishe, ulisukume,
maji ya barafu yakushuke kifuani mpaka kwenye kanga.
Yeye alikuwa na mabega.
Mimi nina daftari la hesabu.

Masalu wa Mabatini huchomelea mageti.
Karakana yake ina jiwe katikati, kubwa kama ng'ombe aliyelala;
kalishindwa kulivunja, kalifanya meza.
Nikamweleza shida. Hakucheka.
Akatema makapi ya muwa:
"Shangazi, bawaba ni nini? Ni tundu na kijiti."

Tundu likatoka kwenye bomba la maji la nusu inchi,
kipande kisichofika hata mkono, elfu mbili na mia tano.
Kijiti, nondo ya kumi na sita,
aliisaga cheche zikaruka mpaka kwa jirani muuza vitumbua,
akaijaribu, akaisaga tena,
hadi ikaingia bila kubembelezwa na bila kulazimishwa.
Mabapa ya kushikia yalikuwa kitanda cha bweni
(moja bado lina namba, 47, kwa rangi nyeupe).
Washa akazikata kwenye kandambili yangu ya kushoto.
Nilikuwa nimeivaa.

"Na mwizi?" nikamuuliza. "Mwizi naye ana mikono."
Akapinda spoku ya baiskeli, akaipitisha kwenye kitundu
ambacho hata mimi, niliyeonyeshwa, nilikitafuta kwa kidole.

Kisha nikaona pini ya juu imeizidi ya chini
kwa upana wa kidole gumba.
"Masalu, umekosea kipimo."
"Sijakosea. Zikilingana, utahitaji mtu wa pili:
wewe uangalie ya juu, yeye aangalie ya chini.
Hii ndefu itashika kwanza.
Ile nyingine itafuata yenyewe."

Nikajifanya natafuta chenji.

Elfu kumi na tisa, na soda yake.
Nikarudi nyumbani mguu mmoja peku.

Igoma, askari wa barabarani akanisimamisha:
"Mlango uko wapi?"
"Nyumbani, afande. Umeanikiwa dagaa."
Akazunguka gari, akachuchumaa, akavuta bomba, akagonga bapa,
akaandika faini kwa mwandiko mzuri sana,
halafu akaomba namba ya Masalu.
Shemeji yake ana Suzuki.

Leo Kayenze, saa kumi alfajiri,
matenga sita yameingia yamelala, kama wageni wa heshima.
Sikulowa hata ukosi.
Ndipo mvua ikaja kutoka ziwani bila kubisha,
vijana wa mwalo wakakimbilia turubai,
nikabaki na mlango mikononi,
tochi kati ya meno,
bati lote likinitaka nilidondoshe.
Nikainua. Nikapapasa.
Ya juu: to.
Nikapumua.
Ya chini ikafuata.

Unalia ukifika katikati, mlango huo,
mlio mfupi, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Masalu kaniambia niupake grisi.
Kopo liko chini ya kiti.