Mengineyo

Chumba cha swichi, hapa hospitali ya Wete,
zamani kilikuwa stoo ya magongo.
Mawili bado yapo nyuma ya mlango,
na feni inavuma usiku kucha
kama mtu anayevuta uradi bila kituo.

Humu hafunguliwi mtu gunia.
Baba alipopeleka karafuu kituoni,
mpimaji alizamisha mkono hadi kiwiko,
akanusa, akavunja moja kwa ukucha,
akatafuta makonyo, akatafuta unyevu,
ndipo akasema: daraja la pili.
Baba alibishana naye, kisha peke yake,
njia nzima mpaka Limbani.

Swichi haizamishi mkono.
Inasoma juu ya bahasha tu:
umetoka anwani gani, unakwenda ipi,
unabisha mlango wa ngapi.
Mia na nne: picha za eksirei.
Hamsini na tatu: anayeulizia nyumba ya mtu.
Mia nne arubaini na tatu: ah, huo,
huo hupita harusi na matanga,
majibu ya maabara, mpira, mapishi ya biriani,
kikao cha wizara,
wote wamejifunika gubigubi.
Nitamjua nani?

Jumatano, picha ya kifua cha Mzee Shaame wa Kiuyu
iliondoka saa tatu usiku kwenda kwa msomaji, Unguja.
Saa nne kasorobo ilikuwa bado njiani.
Daktari Ruwaida hakunigombeza.
Alisimama mlangoni, akashika gongo moja,
akaligeuza geuza kama anataka kulinunua.

Nikaitaka swichi hesabu.
Mstari wa kumi, “jengo zima, mlango wowote: mengineyo”:
milioni nne na ushei.
Mstari wa ishirini, “eksirei, mlango mia na nne: mbele”:
sifuri.

Sifuri.
Na mstari ule niliuandika mimi, mwezi wa Rajabu,
nikaletewa chai na mkate wa kumimina, nikapongezwa.
Kumbe swichi husoma kutoka juu;
panapolingana kwanza ndipo hukumu hukatwa.
Aliyekaa chini, hata awe na haki yake mkononi,
hafikiwi.

Nikaung'oa, nikaupandisha ukawa wa tano.
Moja. Kumi na tisa. Mia tatu na sita.
Simu ikalia kutoka Unguja:
“Imeingia. Maji, pafu la kushoto.”

Ningeishia hapo ningekuwa fundi.
Lakini asubuhi Bi Zuwena wa wodi ya wazazi
akaniuliza mbona mwanawe wa Maskati
tangu jana anaongea kama kuku aliyepaliwa.
“Neno moja lafika, jengine lapotea.”

Nikamwambia, wewe uko kwenye mengineyo.

“Mengineyo ndiyo nini?”

Jengo zima. Wote ambao sikuwataja.

Akacheka, kicheko kifupi, huku anafunga kitambi cha mtoto
asiyekuwa wake.
“Haya, mwanangu. Hata Malindi nikishuka bandarini,
nikatia neno moja tu,
washajua foleni yangu.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi mkononi
na hapakuwa na kitu cha kufungua.

Usiku nikaongeza mstari wa saba:
anwani yake moja, mlango wowote,
saa mbili hadi saa tatu.
Sina kibali cha mstari huu.
Juu yake nimeacha maneno ambayo swichi huyaruka,
ya fundi atakayekuja baada yangu:
“Huyu ana mtoto. Usifute.”

Asubuhi hesabu yake ilisoma elfu mbili mia moja na kumi na nne.
Ndani mlikuwa na nini, sijui.
Nimesoma bahasha.

Na gongo moja nyuma ya mlango halipo.
Nimepekua daftari la stoo:
halikuandikwa limetoka,
wala halikuwahi kuandikwa limeingia.